Vyeti vya Usalama katika Seva Pepe: Mashine Hunakiliwa, Muhuri Haunakiliwi

Utangulizi

Makala haya yanaeleza kwa lugha nyepesi jambo ambalo wengi wetu, walimu na wanafunzi, tunakutana nalo bila kulielewa. Tuchukue mfano. Mwanafunzi anayeishi Kagugu, katika Sekta ya Kinyinya hapa Kigali, anafungua tovuti ya kozi ya Kiswahili jioni ili apakie insha yake. Badala ya ukurasa wa kozi anakuta onyo la Kiingereza kwamba muunganisho huo si salama. Anampigia simu mwenzake, naye anamjibu: "Bonyeza endelea tu, huwa inafanya hivyo." Insha inapakiwa, na kila mtu analala.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo amejifunza jambo baya. Siku atakapoletewa tovuti bandia yenye onyo lile lile, atabonyeza tena na kuandika nywila yake. Mara nyingi nywila hiyo hiyo ndiyo inayofungua barua pepe zake na matokeo yake ya mitihani. Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Kwa hiyo ni wajibu wetu pia kueleza mambo ya aina hii kwa Kiswahili.

1. Istilahi chache

Cheti cha usalama ni faili ndogo inayotaja jina la seva na ufunguo wake wa hadharani, ikiwa imetiwa saini na mamlaka ya vyeti. Kila ufunguo wa hadharani una mwenzake, yaani ufunguo wa siri, ambao hautakiwi kutoka mikononi mwa mwenye seva.

Uthibitishaji ni kuhakikisha kwamba anayejitaja ndiye kweli. Uidhinishaji ni kuamua anaruhusiwa kufanya nini. Mlinzi wa geti anapotazama kitambulisho chako anafanya uthibitishaji, lakini kupita getini hakukupi ruhusa ya kuingia chumba cha mitihani. Istilahi hizi mbili zisichanganywe.

Seva pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Programu inayogawa mtambo mmoja uwe kama mitambo mingi huitwa haipavaiza. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka 1998, Xen ikatolewa mwaka 2003, na KVM ikaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007. Kwa njia hii mtambo mmoja waweza kubeba seva ya kozi, ya maktaba, ya barua pepe na ya matokeo, zote kwa pamoja.

2. Kivinjari hukagua nini?

Seva inapoonyesha cheti, kivinjari hukagua mambo manne: je, jina lililo kwenye cheti ndilo lililoandikwa kwenye anwani? Je, tarehe ya leo imo ndani ya muda wa cheti? Je, saini ni ya mamlaka inayoaminika? Na je, seva inao ufunguo wa siri unaolingana na cheti hicho? Jambo moja likishindikana, onyo hutokea.

Imani yote hiyo inategemea uaminifu wa mamlaka. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakatoa cheti bandia kwa jina la Google, na cheti hicho kikatumiwa kuwapeleleza watumiaji wa Iran. Vivinjari viliiondoa DigiNotar katika orodha zao, na mwezi Septemba mwaka huo huo kampuni hiyo ilifilisika. Nchini Rwanda, sheria ya mwaka 2010 kuhusu ujumbe, saini na miamala ya kielektroniki iligusa pia suala la mamlaka za vyeti. Kwa hiyo si jambo la mafundi peke yao.

3. Matatizo yanayoletwa na seva pepe

(a) Kunakili. Fundi huandaa seva moja vizuri, kisha huitumia kama kiolezo cha kutengenezea nyingine kumi. Ikiwa ufunguo wa siri ulikuwa ndani ya kiolezo, seva zote kumi zina ufunguo mmoja. Ni sawa na kutoa nakala kumi za ofisi ya msajili, kila moja na muhuri wake mezani. Anayeiba kutoka ofisi dhaifu kuliko zote ameiba kutoka zote.

(b) Kurudisha hali ya zamani. Haipavaiza huweza kuhifadhi hali ya seva ilivyokuwa siku fulani. Seva ikiharibika, fundi huirudisha katika hali ya miezi mitatu iliyopita. Cheti kilichokwisha muda hurudi pamoja nayo, na hata akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka hufufuka.

(c) Saa. Seva pepe iliyosimamishwa kisha kuamshwa huweza kuamka na saa ya zamani. Cheti kipya huonekana kama hakijaanza, na cheti kilichokwisha huonekana kizima.

(d) Mlango mkuu. Ukurasa wa kusimamia haipavaiza mara nyingi huja na cheti kilichotiwa saini na mtambo wenyewe, hivyo mafundi huzoea kupuuza onyo kila siku. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Anayenasa nywila ya mlango huu anaweza kuzima, kunakili au kufuta seva zote zilizo ndani, zikiwemo zile zenye vyeti safi kabisa.

(e) Kutegemeana. Seva ya kozi huuliza saraka ya watumiaji kama nywila ni sahihi. Cheti cha saraka kikiisha usiku, asubuhi hakuna anayeweza kuingia popote, ingawa cheti cha tovuti ya kozi bado ni kizima. Mafundi huhangaika na tovuti wakati ugonjwa uko kwingine.

4. Utaratibu unaofaa

Kwanza, liwepo daftari la vyeti: jina la seva, aliyetoa cheti, tarehe ya kuisha, na mtu anayehusika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, kiolezo kisiwe na ufunguo wowote. Kila seva ijitengenezee ufunguo wake inapowashwa mara ya kwanza, kisha iombe cheti chake.

Tatu, uhuishaji ufanywe na programu. Let's Encrypt ilifungua milango kwa umma Desemba 2015, ikitoa vyeti vya bure vya siku 90 vinavyohuishwa bila mkono wa mtu. Jambo hili sasa si la hiari. Mwezi Aprili 2025 mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kupunguza muda wa juu wa vyeti vya tovuti za umma kutoka siku 398 hadi siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Anayetegemea kumbukumbu ya kichwa atashindwa.

Nne, seva za ndani zipewe vyeti na mamlaka ya ndani ya chuo, na cheti cha mamlaka hiyo kiwekwe katika kompyuta za mafundi. Hapo onyo likitokea litakuwa na maana.

Tano, kila fundi awe na akaunti yake na uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mlango mkuu. Nywila moja inayotumiwa na watu watano haimtambulishi yeyote.

Sita, seva zote zichukue saa kutoka chanzo kimoja. Seva ikirudishwa katika hali ya zamani, vyeti na akaunti zake zikaguliwe kabla ya kufunguliwa kwa watumiaji.

Hitimisho

Tumeona kwamba urahisi wa seva pepe unatokana na kunakilika kwake, ilhali utambulisho una thamani kwa sababu haunakiliki. Msimamizi mzuri hutenganisha mambo haya mawili. Nasi walimu tuna sehemu yetu: tusimwambie mwanafunzi abonyeze "endelea". Tumwambie asome jina lililo kwenye anwani, aangalie tarehe ya simu au kompyuta yake, na onyo likibaki, asiandike nywila bali atoe taarifa. Insha inaweza kusubiri hadi kesho asubuhi.