Shamba Bondeni mwa Semuliki: Je, Ni Lako?

Watu wa Butembo waijua vema njia ya kwenda Beni. Ni kilomita 54 tu, lakini msafiri huvua koti njiani. Butembo iko juu, zaidi ya meta 1,700, na asubuhi zake ni za ukungu na baridi. Beni iko chini, penye joto na michikichi. Na mtu akiishika barabara ya Kasindi hushuka zaidi, hata aone mbele yake bonde pana la Semuliki, na nyuma ya bonde milima ya Rwenzori.

Mto Semuliki hutoka katika Ziwa Edward mahali paitwapo Ishango. Huenda kaskazini, kati ya Rwenzori na vilima vyetu vya magharibi, mpaka Ziwa Albert; na mwisho maji yake huingia Nile. Kando ya mto huu na vijito vyake viko vijiji vingi, na familia nyingi za vilimani hutamani kuhamia huko.

Sababu yao twaifahamu. Huko juu Lubero na Butembo watu ni wengi na mashamba ni vipande vidogo. Baba alirithi kilima. Wanawe waligawana kilima. Wajukuu watagawana nini? Bondeni udongo ni mnono. Mpunga, ndizi, mawese na papai husitawi. Zaidi ya yote kuna kakao, iliyoshika nafasi ya kahawa katika mashamba mengi baada ya ugonjwa wa kunyauka kuiua mibuni.

Hatusemi kwamba maisha ya bondeni ni mepesi. Mbu ni wengi kuliko vilimani, na mtoto aliyezoea baridi huugua malaria upesi. Basi chandarua kitangulie kabla ya jembe. Lakini leo twataka kusema juu ya jambo jingine, ambalo limefilisi watu wengi kuliko homa: Je, shamba ulilimalo ni lako?

MBUZI SI BEI YA UDONGO

Tutoe mfano. Kijana ameshuka kutoka Butembo pamoja na mkewe. Mzee wa kijiji ampokea vizuri na kumwonyesha pori. Kijana atoa mbuzi, afyeka, apanda maharage na mihogo. Mwaka wa tatu aona wenzake wapata fedha kwa kakao, naye apanda mikakao mia mbili. Miti huchukua miaka mitatu hata mitano kabla ya kuzaa vizuri. Avumilia. Kisha kijana yule, ambaye sasa ni baba wa watoto sita, afariki, na mwanawe mkubwa aenda kwa mzee.

“Mzee, marehemu baba alikupa mbuzi. Shamba si letu?”

“Mwanangu, baba yako alinipa mbuzi ili alime maharage. Sikumwuzia udongo. Na ile mikakao, nani alimruhusu kuipanda?”

Hapo ndipo machozi huanza. Wala mzee hasemi uongo. Katika nchi ya Wanande iko desturi iitwayo muhako: mkulima humpa mwenye ardhi mbuzi, au mazao, au siku hizi fedha, iwe alama ya kumtambua. Muhako humpa mtu ruhusa ya kulima, haumpi udongo. Na mara nyingi mwenye kulima kwa muhako huruhusiwa mimea ya msimu tu, si miti, kwa maana mti hukaa miaka mingi, na apandaye mti ni kama asemaye, “Hapa ni pangu.” Kijana wetu hakuuliza, naye mzee hakueleza. Kila mmoja alidhani mwenzake ameelewa.

WENYE ARDHI WAWILI

Juu ya desturi iko sheria ya Serikali. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, iliandika kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali. Mtu hamiliki udongo wenyewe, bali hupewa haki ya kuutumia: raia wa Kongo aweza kupewa haki ya daima, wengine hupewa haki ya muda, usiozidi miaka 25, uwezao kuongezwa. Haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa, kitolewacho na ofisi ya hati za ardhi.

Je, ardhi ya wanavijiji? Sheria iyo hiyo ilisema nayo ni ya Serikali, na kwamba amri ya Rais ingekuja kueleza haki za wenyeji. Makumi ya miaka yakapita bila amri ile. Baadaye Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, ilisema Serikali yalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Basi kijijini kukawa kama wenye ardhi wawili: mwami na wazee wake kwa upande mmoja, karatasi ya ofisi kwa upande mwingine.

Mwenye hasara ni yule asiyejua. Tajiri wa mjini aweza kutafuta cheti juu ya pori ambalo ndani yake familia kumi zinalima. Sheria yaamuru uchunguzi kwanza: afisa afike mahali penyewe, aone mipaka, ahesabu wakaao pale, asikilize malalamiko. Siku hiyo wanavijiji wasijifiche wakiogopa kodi! Wajitokeze na kusema. Kwani cheti kikiisha kupita miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana kukiangusha.

MIPAKA YA HIFADHI

Iko hatari nyingine. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Albert, ambayo leo yaitwa Virunga, na katika miaka iliyofuata ikapanuliwa hata bondeni mwa Semuliki. Wazee wakumbuka kwamba babu zao walikaa huko, na kwamba wengine waliondolewa zamani kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli na uchungu wake ni wa kweli. Hata hivyo, ndani ya mipaka ya hifadhi hakuna mwami wala mzee awezaye kukuuzia shamba. Vijiji vya wavuvi kama Kyavinyonge na Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward, viliruhusiwa kwa ajili ya samaki, si kwa kilimo. Anunuaye shamba ndani ya hifadhi amenunua kesi.

VITA NA KUMBUKUMBU

Tena iko vita. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni na vijiji vyake wameuawa, na wengine wengi wamekimbia. Kakao huiva hata mwenyewe asipokuwapo, na mara nyingi walioivuna ni wenye bunduki. Familia ikirudi baada ya miaka, yakuta kichaka kimefunika mpaka, na jirani aliyekuwa shahidi amekufa. Ikiwa haki yako ilikuwa katika kinywa cha mtu mmoja tu, imezikwa pamoja naye.

Ndiyo maana twasema: andikeni! Mwaka 1950, pale pale Ishango mto unapoanzia, mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua mfupa mdogo wenye mistari mingi iliyochanjwa. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na wataalamu wengi hufikiri kwamba ni alama za kuhesabia. Ikiwa watu wa kale wa mto huu waliweka alama ili wasisahau, sisi wenye kalamu na daftari twashindwa nini?

YAFAAYO KUFANYA

Kabla ya kutoa mbuzi au fedha, uliza waziwazi: nanunua, au naazima? Naruhusiwa kupanda miti? Wanangu watarithi?

Uliza zaidi ya mtu mmoja. Mzee mwenyewe, ndugu zake, majirani wa pande nne, na mwami. Anayekuharakisha ulipe usiku ana sababu yake.

Zungukeni mpaka pamoja, mchana, majirani wakiwapo. Andikeni mto, jiwe, mti na hatua. Kila mmoja atie sahihi au kidole, na nakala zikae mahali mbalimbali, hata kwa ndugu wa Butembo.

Kisha nenda ofisi ya hati za ardhi, ukaulize kama pale hapana cheti cha mtu mwingine, na kama si ndani ya hifadhi.

Mwisho, jina la mke lisikosekane katika karatasi. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 yawapa watoto wote, wa kiume na wa kike, fungu la kwanza la urithi. Lakini mjane asiyejua karatasi iko wapi hufukuzwa upesi na ndugu za mume.

Baba, mama, someni maneno haya pamoja jioni hii. Na kama mzee aliyewapa shamba yu hai bado, msingoje. Nendeni kwake kesho, kwa heshima, mkaulize lile ambalo hamkuuliza siku ya kwanza.