Goma: Kwa nini watu bado wanasoma sheria baada ya kazi

Saa kumi na moja jioni, wakati wamotari wanagombania abiria kwenye rond-point Signers, kuna wafanyakazi ambao siku yao haijaisha. Mwalimu wa shule ya msingi, muuza dawa, mama mwenye duka Birere: kila mmoja ana silabusi ya sheria ndani ya mfuko. Wengine wanaenda nyumbani kula. Wao wanaenda kusoma.

Goma ina vitivo vya sheria tangu zamani, kama vile katika ULPGL, chuo cha Waprotestanti kilichoanzishwa mwaka 1985, na katika UNIGOM, chuo cha serikali. Lakini leo swali linaulizwa hata ndani ya familia: kusoma sheria kuna faida gani? Tangu M23 ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, mahakimu wengi waliondoka na kesi nyingi zikakwama. Kwa mtu anayelipa minervali kidogo kidogo kutoka mauzo ya siku, swali hilo ni zito.

Kwanza tufanye hesabu ya saa. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa wiki. Katika mfumo wa LMD, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti inahesabiwa saa 25, darasani na nyumbani. Hiyo ni saa 1.500 kwa mwaka, karibu saa 29 kwa wiki ukizigawa katika wiki zote 52. Wiki ina saa 168. Ukiondoa kazi, masomo na usingizi wa saa saba kila usiku, zinabaki saa 45. Ndani yake kuna kupika, kuchota maji, watoto, misa au ibada, matanga na njia ya kwenda na kurudi. Mwenye duka hana hata kikomo cha zile saa 45 za kazi.

Pili, njia ni ndefu. Zamani ilikuwa graduat miaka 3 na licence miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, LMD imeleta licence ya miaka 3 na master ya miaka 2. Jumla ni ileile: miaka 5. Anayetaka kuitwa Maître anaongeza miaka 2 ya staji kwenye baro. Ni miaka saba, kama hakuna mwaka uliopotea. Na Goma inajua miaka iliyopotea: Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, sehemu kubwa ya mji ilihamishwa na masomo yakakatika.

Lakini elimu ya sheria haingojei diploma ili ianze kufanya kazi. Tuchukue mfano wa mjane wa Ndosho ambaye wakwe wamekuja kudai nyumba. Aliyesoma sheria ya familia anajua kwamba watoto wa marehemu wana haki ya robo tatu ya urithi, na kwamba mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Anajua pia kwamba tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume kwa kila hati anayotia sahihi, bali wanandoa wanapaswa kupatana. Maneno hayo, yakisemwa kwa utulivu mbele ya wazee wa familia, yanaweza kuzuia ugomvi kabla haujafika kortini.

Vilevile kwa parseli. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, na haki ya mtu inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa. Watu wengi wamenunua kwa karatasi ya kuuziana tu. Anayejua tofauti hiyo atamwambia jirani mapema, kabla ya pesa kutoka mkononi.

Jirani zetu Uganda wanamkumbuka Susan Kigula. Akiwa amehukumiwa kifo katika gereza la Luzira, yeye na wenzake 417 walishitaki serikali, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba hukumu ya kifo isiyompa hakimu nafasi ya kuchagua inavunja katiba. Gerezani alisoma sheria kwa njia ya mbali na Chuo Kikuu cha London, akawasaidia wafungwa wenzake, na mwaka 2016 akatoka huru. Hakungoja mambo yatulie ndipo aanze kusoma.

Kuna mpaka wa kuheshimu. Mwanafunzi si wakili: hawezi kuvaa joho na kutetea mtu kortini, wala kuomba pesa kwa jina hilo. Anaweza kueleza, kusoma karatasi na kumwelekeza mtu kwa mwenye ruhusa.

Kwa anayefikiria kuanza, mambo manne ya kuuliza mapema: diploma ya chuo inatambuliwa na serikali? Ratiba ya jioni imeandikwa, au ni ahadi ya mdomo? Minervali inalipwa kwa awamu ngapi? Mitihani inaanguka lini? Mfanyakazi ana haki ya angalau siku moja ya likizo kwa kila mwezi aliofanya kazi, na wengi huziweka siku hizo kwa mitihani. Na nyumbani, ni vizuri kupatana mapema nani atapika na nani atalaza watoto.

Korti zikifunga, magomvi hayafungi. Kodi ya nyumba, urithi na mipaka ya parseli vinaendelea kila siku mjini Goma. Siku korti zitakapofanya kazi sawasawa, mji utahitaji watu waliokuwa wameendelea kusoma.