Nilidhani Ana Mwingine, Kumbe Kichocho!

Usinicheke. Mwaka 2009 mimi nilikuwa daktari. Sikusomea popote, shule yangu ilikuwa seti ya DVD za House niliyonunua kwa machinga mjini Mwanza. Kila usiku mimi na waifu tunaangalia, chumba na sebule yetu pale Mkuyuni. Jumapili wanakuja washikaji na ubishi unaanza: huyu ana kansa, wapi bwana, sumu hiyo! Yule daktari anayeigizwa na Hugh Laurie unamkumbuka? Mjuaji, mkorofi, na imani yake moja tu: kila mgonjwa ni mwongo.

Imani hiyo nikaingia nayo chumbani.

Waifu alianza kulalamika maumivu tukiwa pamoja, baadaye damu. Kwenye zahanati moja wakasema ni ugonjwa wa zinaa, wakampa dawa na kikaratasi cha kumleta mwenzake. Nikaenda, nikameza na mimi. Miezi miwili, hali ileile. Dawa nyingine, kikaratasi kingine. Mara ya tatu nikapiga hesabu: mimi sijatoka nje, dawa nimemaliza, sasa huu ugonjwa unarudishwa na nani? Nikaanza kupekua simu yake. Nikahamia kwenye kochi. Analia, anaapa, mimi namtazama tu kama wa kwenye televisheni.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mtu mzima, daktari wa kina mama, ambaye hakuuliza nani kalala na nani. "Binti, umekulia wapi?" Kwimba. "Maji mlichota wapi?" Lambo. "Mpunga mlilima?" Tangu mdogo, miguu ndani ya majaruba. Akampima, akaona kwenye shingo ya kizazi vijidoa kama chembe za mchanga. Kichocho.

Mimi nilijua kichocho ni kukojoa damu, ugonjwa wa vijana wanaoogelea! Kumbe mayai ya minyoo ile hayatoki yote na mkojo. Mengine hunasa kwenye uke na kizazi, yakaleta vidonda, maumivu, damu, na wengine wakakosa mtoto. Mkojo unaweza kupimwa usionyeshe kitu. Na unaweza kuwa uliipata utotoni, kwani minyoo hiyo huishi mwilini miaka. Halafu sikia kituko: huishi wawili wawili, dume amemkumbatia jike kwenye mfereji wa mwili wake, hawaachani. Ndoa yao ilikuwa imara kuliko yangu.

Kwa hiyo dada, kama umetibiwa zinaa mara mbili, tatu bila nafuu, na umekulia kwenye malambo au majaruba, mtajie daktari neno kichocho wewe mwenyewe. Usingoje akuulize.

Mama daktari akanigeukia. "Na wewe baba, ulikulia wapi?" Hapahapa, ziwani. Nikapimwa choo: ninacho pia! Ila changu cha tumbo, ambacho ndicho kimetawala ufukweni. Cha mkojo kiko zaidi huko bara, na kila kimoja kina konokono wake. Dawa ni ileile, praziquantel, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, hiyohiyo wanayomezeshwa wanafunzi shuleni baada ya kupimwa urefu kwa fimbo. Kula kwanza, ni chungu! Inaua minyoo wakubwa, wachanga husalimika, ndiyo maana waifu aliambiwa arudi. Vile vijidoa navyo havikuondoka upesi.

Kuombana radhi kulichukua muda mrefu kuliko dawa. "Uliamini kikaratasi kuliko mimi," aliniambia. Sikuwa na jibu.

House ilimalizika 2012 lakini seti yetu ipo. Tukifika pale jamaa anapoanza kuwaita wagonjwa waongo, waifu anachukua rimoti, anasimamisha picha, ananitazama. Mimi huyo jikoni, kugeuza sato.