Fahamu: Fyuzi au moduli kwa gari la kuundwa upya?

Chukua gari la miaka ya 1960, tuseme Ford Mustang, ulitie injini mpya ya kompyuta, kiyoyozi na feni za umeme. Nyaya zake za zamani hazitahimili. Zilikusudiwa vitu vichache kama taa, honi, waipa na redio.

Wengi husuka nyaya upya kwa fyuzi na rilei. Fundi yeyote wa umeme wa magari anaielewa njia hiyo.

Njia mpya ni moduli ya kugawa umeme. Swichi ya dashibodi haibebi mzigo, hutuma ishara tu, na transista ndani ya moduli ndiyo inayopitisha umeme. Taa ya wati 55 kwenye volti 12 huvuta takriban ampea 4.6, nawe unaiwekea kikomo kwa kompyuta. Waya ukichubuka ukagusa bodi, moduli inakata mara moja. Hitilafu ikiondolewa inarudisha umeme, hakuna fyuzi ya kubadilisha.

Moduli na vifaa vingine huwasiliana kwa mfumo wa CAN, uliozinduliwa na Bosch mwaka 1986: nyaya mbili zilizosokotwa, kila ncha na rezista ya omu 120. (Rezista hizo zikisahaulika, utasaka hitilafu hadi uchoke.)

Kabla ya kununua, orodhesha kila kifaa na ampea zake. Stata usiihesabu, ina kebo yake nene kutoka kwenye betri. Na kama gari lako bado ni la kabureta, lisilo na kiyoyozi, fyuzi zinakutosha. Moduli ni kupoteza pesa.