Mbambangoma: Mti wa maua mekundu unaofaa kuwa uzio wa shamba

WAKATI nyasi zimekauka na miti mingi shambani imepukutisha majani, kuna mti mmoja wa asili ambao ndio kwanza huanza kupendeza. Matawi yake huwa matupu, lakini kwenye ncha zake husimama maua mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa, yakionekana kutoka mbali. Majani hufuata baadaye, mvua zinapokaribia.

Mti huo ni mbambangoma, ambao wataalamu wa mimea huuita Erythrina abyssinica. Wakikuyu huuita muhuti, Wakamba muvuti, Waganda jjirikiti na Wanyarwanda umuko. Huota wenyewe kuanzia Ethiopia hadi Msumbiji. Si mti mrefu sana. Mara nyingi huishia kati ya mita 6 na 12, hivyo unafaa hata kwa mwenye bustani ndogo.

Tatizo ni kwamba wakulima wengi huukuta umejiotea, huutumia, lakini hawaupandi. Magome yake hutafutwa sana kwa dawa za kienyeji. Anayeyabandua kuzunguka shina lote huuua mti, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hupita ndani ya gome kwenda kwenye mizizi. Njia hiyo ikikatwa, mizizi hufa kwa njaa na mti hukauka ukiwa umesimama. Mti uliochukua miaka mingi kukua unaweza kumalizwa kwa panga katika asubuhi moja.

Kwa mkulima hiyo ni hasara ya fedha, na hesabu ya uzio inaonyesha sababu.

Hesabu ya uzio

Eka moja ina takriban mita za mraba 4,047. Ikiwa shamba ni la mraba, mzunguko wake ni kama mita 254. Ukiweka nguzo moja kila baada ya mita 2, unahitaji nguzo 127. Chukua bei ya nguzo moja katika soko la mbao lililo karibu nawe, zidisha kwa 127, kisha kumbuka kuwa nguzo kavu huliwa na mchwa na huoza ardhini, hivyo gharama hiyo itarudi tena.

Tawi la mbambangoma likichomekwa ardhini huweza kutoa mizizi na kuwa nguzo hai. Mwenye miti mitatu au minne mikubwa anaweza kupata matawi ya kuanzia bila kununua chochote. Hata akianza na upande mmoja tu wa shamba kila mwaka, ndani ya miaka minne atakuwa ameuzunguka wote.

Kupanda kwa tawi

Chagua tawi lililokomaa, lenye unene wa kifundo cha mkono au zaidi, na urefu wa mita 1.5 hadi 2.5. Kata mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Ncha ya juu ikatwe mshazari ili maji yasituame na kuozesha tawi. Weka alama upande wa chini, maana tawi likipandwa kichwa chini halitakuwa nguzo hai.

Usipande siku hiyo hiyo. Laza matawi kivulini kwa siku kadhaa ili kidonda kikauke. Tawi bichi lililokatwa likizikwa kwenye udongo wenye maji huoza kwa urahisi. Baada ya hapo chimba shimo la sentimita 40 hadi 50, simamisha tawi na shindilia udongo vizuri.

Waya usifungwe kuzunguka nguzo hai. Shina likinenepa, waya utalikaba na kufanya madhara yale yale ya kubandua gome. Pigilia waya kwa msumari upande mmoja tu. Aidha, zuia mbuzi katika mwaka wa kwanza, kwani wakivunja machipukizi mara kwa mara nguzo itakufa.

Kupanda kwa mbegu

Kwa mti wa kusimama peke yake, iwe kwenye kona ya bustani au uwanja wa nyumba, mbegu ni bora kuliko tawi. Mti wa mbegu huwa na mzizi mkuu unaoshuka chini na kuushikilia vizuri kwenye upepo.

Maganda yakianza kupasuka, mbegu nyekundu zenye doa jeusi huonekana. Okota mapema, na tupa zote zenye matundu ya wadudu. Ganda la mbegu ni gumu, hivyo likwaruze kidogo kwa tupa au jiwe upande usio na doa, kisha loweka mbegu kwenye maji ya baridi usiku mzima. Panda kwenye viriba vyenye udongo unaopitisha maji, na hamishia miche shambani mvua zikishika.

Mti upate jua la kutosha na usituamiwe na maji. Panda angalau mita 5 kutoka kwenye nyumba, kwa kuwa mbao zake ni nyepesi na matawi huvunjika. Shina na matawi yana miiba, jambo zuri kwa uzio lakini baya karibu na njia ya watoto.

Kwa kuwa ni wa jamii ya mikunde, bakteria waishio kwenye mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani, na majani yanayodondoka huongeza rutuba. Maua huwapa chakula ndege chozi na nyuki wakati ambao maua mengine ni machache. Mwenye mizinga anapaswa kuliangalia hilo kwa makini.

Tahadhari

Mbegu zake ni sumu, hasa zikipondwa au kutafunwa. Zinang'aa na kuwavutia watoto, hivyo wanaotengeneza shanga wasiziache ovyo. Dawa ya magome nayo isitumike kwa kubahatisha. Jirani akiomba gome, mpe la matawi yaliyopogolewa, shina liachwe.

Majani yakionekana na vivimbe, usikimbilie kupulizia dawa. Vivimbe hivyo huweza kuletwa na nyigu mdogo sana anayetaga kwenye majani machanga na vikonyo. Mwaka 2005 nyigu huyo aliingia Hawaii, Marekani, na kuua miti mingi ya jamii hii, ukiwamo wa asili wa visiwa hivyo uitwao wiliwili. Watafiti walikuja Afrika kutafuta adui wake, na nchini Tanzania wakampata nyigu mwingine ambaye watoto wake hula watoto wa yule mharibifu. Aliachiwa Hawaii mwaka 2008, na wiliwili ikaanza kupata nafuu. Anayepulizia sumu bila kuchunguza huenda akamuua mlinzi huyo ambaye wengine walimfuata kutoka mbali.

Kuna soko?

Mbao za mbambangoma hazifai kwa paa wala samani nzito, na mkulima asidanganywe kuwa atatajirika kwa mbao hizo. Huchongwa ngoma, kama jina lake linavyodokeza, pamoja na vinu, vigoda na mizinga ya nyuki. Kwa mfanyabiashara mdogo, nafasi iliyo karibu zaidi ni kitalu: miche ya viriba kwa wanaopamba nyumba, shule na nyumba za ibada, na matawi ya nguzo kwa wenye mashamba. Ni busara kutafuta wateja kwanza, kisha kuotesha kwa idadi wanayoihitaji.

Mtaji mkubwa wa kazi hii ni miti mama. Mwenye mti mmoja mpakani ana mbegu na matawi ya kila mwaka, ilimradi gome lake libaki shinani. Kiangazi kijacho, ukiuona umewaka maua mekundu, andaa panga la kupogolea na anza kuhesabu matawi.