Seli Haikai Pozi

Kidato cha pili tuliichora seli ya mmea kama ramani ya nyumba: kiini hapa, kloroplasti pembezoni, penseli kali, basi. Nilipokwenda Pemba kwa mazoezi ya kufundisha nikaichora hivyo hivyo ubaoni. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, zinakaa hapo hapo siku zote?" Nikasema ndiyo. Wenzangu, nilimdanganya.

Ushahidi ulikuwa pwani. Maji yakitoka, katika nyasi za bahari utaona zile ndogo za jenasi Halophila. Jani lake lina tabaka mbili tu za seli, kwa hiyo mwanga unapenya bila kulikatakata. Tena kloroplasti zina rangi yake, hazihitaji kutiwa dawa. (Kwa vijisehemu visivyo na rangi, watafiti hutumia protini inayong'aa. Osamu Shimomura ndiye aliyeitoa kwa konyeza, na mwaka 2008 yeye na wenzake wawili wakapata Nobeli ya kemia.)

Mwaka huo huo Yoni Sharon na Sven Beer walieleza kwamba kloroplasti za Halophila stipulacea hujikusanya rundo mchana jua likiwa kali, na usiku zikatawanyika. Zikirundikana zinatiliana kivuli. Kwenye mimea, safari hizo hutegemea nyuzi za protini iitwayo aktini.

Sasa fikiria: ukiua seli saa mbili asubuhi na nyingine saa sita mchana, utapata picha mbili zinazobishana, na zote kweli. Ndiyo maana unahitaji seli hai, ile ile moja, picha baada ya picha kwa muda uliopangwa.

Tulikuwa na hadubini ya kioo, isiyotumia umeme, na simu yangu. Mara ya kwanza nikadondoshea maji ya bomba, yaani mmea wa chumvi nimeutia maji baridi! Seli zikaharibika. Mara ya pili tukatumia maji ya bahari, tone jipya kila yalipopungua. Kuna mtego mwingine: mwanga unaoangalia nao ndio huo unaozisukuma kloroplasti. Kwa hiyo saa nzima ya kwanza tulifunika kioo kila baada ya picha, kisha tukakiacha wazi, picha kila dakika kumi.

"Mwalimu, ile ya kona haipo tena." Alikuwa yule yule. Sasa anataka kujua imekwenda umbali gani. Hadubini yetu haina kipimo ndani, kwa hiyo tumeanza kwa kuipiga picha rula ya milimita.