Ramani ya Rangi na Faranga ya Uswisi

Aghalabu haupiti mwezi ila huletewa picha ya ramani ya joto, ule mraba mkubwa uliogawanywa miraba midogo ya rangi ili kuonyesha uwiano wa bei za sarafu, dhahabu, mafuta na hisa, na aliyeileta huniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu: "Mwalimu, jozi hizi mbili zina uwiano wa hasi 0.95, nikizinunua zote mbili, si nitakuwa nimejikinga?" Jibu ni la, na madhali nimelitoa kwa upole mara nyingi pasipo kufaa kitu, leo nitalitoa bila ya upole.

Natuzitazame jozi wanazozipenda kuliko zote, yaani yuro kwa dola, na dola kwa faranga ya Uswisi. Mwenye kununua yuro kwa dola, kisha akanunua dola zile zile kwa faranga, hakujikinga na chochote: dola alizozitoa upande mmoja amezipokea upande wa pili, na kilichobaki mikononi mwake ni yuro alizozinunua kwa faranga, biashara ambayo hakuikusudia wala hajui kwamba anayo. Uwiano ukiwa kamili, faida ya huku italiwa na hasara ya kule, naye atakuwa amemlipa dalali mara mbili ili asipate kitu. Usipokuwa kamili, basi ule upungufu wenyewe ndio alioutilia rasilimali yake yote.

Tena, uwiano huo ulitoka wapi? Tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi, ilipoona faranga inapanda kwa kadiri ya kuwadhuru wenye viwanda wa nchi hiyo, ilitangaza kwamba haitakubali yuro ishuke chini ya faranga 1.20, na kwamba iko tayari kununua sarafu za kigeni bila ya kikomo ili kuilinda bei hiyo. Maadamu faranga ilikuwa imefungwa kwa yuro kwa amri, sarafu hizo mbili zilipanda na kushuka pamoja mbele ya dola, na mraba wao ukakolea rangi hata watu wakaudhania kuwa ni kanuni ya maumbile, ilhali ulikuwa ni athari ya uamuzi wa baraza la watu watatu. Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2015 baraza hilo likautangua uamuzi wake bila ya kumwonya mtu, na katika muda wa dakika chache yuro ikaanguka chini ya faranga 1.00. Siku hiyo dola iliporomoka mbele ya faranga, na yuro nayo ikashuka mbele ya dola, hivyo yule aliyejidai kuwa amejikinga akapata hasara pande zote mbili kwa pamoja, na amri aliyoiweka ya kukata hasara isipate mnunuzi kwa bei aliyoitaja. Alpari UK, kampuni ya udalali ya London, ikafilisika. FXCM ya New York ikalazimika kukopa dola milioni 300 ili iendelee kuwapo. Na ramani ya jana yake, lau mtu angeitazama, haikuwa na dalili hata moja ya msiba huo, kwani ramani huhesabu yaliyokwisha kupita.

Wako pia wanaokokotoa uwiano kwa bei zenyewe badala ya mabadiliko ya bei, na kosa hilo ni la zamani. Mwaka 1926 mtakwimu Udny Yule wa Uingereza alionyesha kwamba kiwango cha vifo na sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana, huko Uingereza, kati ya mwaka 1866 na 1911, vilikuwa na uwiano wa 0.95, kwa sababu tu vyote viwili vilikuwa vikipungua mwaka hadi mwaka. Takriban karne moja imepita, na bado naletewa ndoa na vifo.

Anayetaka kuitumia ramani kwa haki, basi: akokotoe kwa mabadiliko ya kila siku kwa asilimia, alinganishe siku 20 na siku 250, akijua kwamba kwa siku 20 uwiano wa 0.4 waweza kuzuka kwa bahati tupu. Akumbuke kuwa vitu 10 vina jozi 45, na kati ya hizo, mbili au tatu zitang'aa bila ya sababu. Atazame pia ukubwa wa mienendo, ambao uwiano hauutaji. Na kila mraba uliokolea autafutie sababu yake. Faida kubwa ya ramani ni kumfunulia mtu kwamba biashara zake tano ni biashara moja ya dola. Ama anayetaka kupunguza hatari, na apunguze kiasi anachokinunua. Kwa hilo hahitaji ramani.